Pikipiki ya mkononi inayozima njiani: fuata waya kabla ya kununua spea

Tanga tuna msemo wetu: waja leo, waondoka leo. Aliyeniuzia pikipiki alikuwa wa namna hiyo hasa. Asubuhi alikuja, saa nne akahesabu pesa zake, jioni simu yake haipatikani. Pikipiki yenyewe, 125 ya Kichina yenye injini ya aina ya CG, kwa macho ilikuwa safi. Siku ya tatu ikanizimia kwenye kipilefti, abiria mgongoni, lori nyuma yangu linapiga honi. Nikapiga kiki moja, ikawaka. Nikajiambia ni mafuta machafu, nikaosha kabureta. Ikazima tena. Nikanunua plagi, halafu koili, halafu CDI, kile kisanduku cha kielektroniki kinachopanga plagi ipigwe moto lini.

Nilipomfikia fundi mmoja mtu mzima pale Ngamiani, nilikuwa na mfuko wa spea za zamani ambazo zote zilikuwa nzima. Akazichungulia, akacheka. "Kijana, wewe umemlisha mwenye duka." Akaiwasha, akaiacha ingurume polepole, akashika usukani na kuuzungusha wote kulia. Ikazima. Akaurudisha kati, kiki moja, ikawaka. Kulia tena, ikazima. Hakuwa hata amefungua kisanduku cha spana.

Nitakachoeleza hapa kimetokana na siku ile na miaka iliyofuata ya kuhangaika na pikipiki zangu na za jamaa wa kijiweni. Ni kwa pikipiki za kabureta, ambazo ndizo nyingi kwetu. Zile za sindano ya mafuta zina kompyuta yake na taa yake ya onyo, hizo zina njia nyingine.

Kwanza hakikisha ni umeme

Pikipiki inayokosa mafuta hufa kama mgonjwa. Inakohoa, inapungua nguvu, ukizidisha moto inanyong'onyea, ndipo inazima. Ukivuta choki wakati inakohoa ikapata nafuu kidogo, tatizo liko upande wa mafuta. Umeme hauagi. Unakwenda zake, ghafla kimya, kana kwamba mtu amezungusha ufunguo. Au inakatika na kurudi kwa mishtuko, unatikiswa kichwa mbele na nyuma. Kama pikipiki yako ina mshale wa kielektroniki wa mizunguko ya injini, utauona unaanguka hadi sifuri wakati gurudumu bado linaizungusha injini.

Kuna kitu kimoja kimewalaghai watu wengi: mfuniko wa tangi. Una kitundu cha kupumulia. Kikiziba kwa vumbi, mafuta yanaposhuka hewa haiingii, na baada ya robo saa au nusu saa injini inafa njaa. Ukikaa pembeni dakika kumi inawaka tena, nawe unaapa ni koili inayopata joto. Kwa hiyo siku itakapozima, kabla ya lolote, fungua mfuniko. Ukisikia hewa ikiingia "fyuu" na pikipiki ikawaka muda mfupi baadaye, chukua sindano uzibue kitundu, na huna haja ya kuendelea kusoma. Vali zilizobanwa kupita kiasi nazo huzima injini ikishapata joto. Utaisikia kiki imekuwa nyepesi isivyo kawaida.

Pale pale inapozima, usikimbilie kiki

Hapa ndipo ushahidi unapopotea. Mtu akizimiwa anapiga kiki ishirini kwa hasira, inawaka, anaondoka, kesho anamweleza fundi "inazimazima tu". Fundi atafanya nini na maneno hayo?

Sogea pembeni, acha ufunguo ulipo. Tazama taa ya nyutro, bonyeza honi, washa indiketa. Usitumie taa kubwa ya mbele kama kipimo. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa hiyo hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye magneti, yaani kizalisha umeme kinachozungushwa na injini, injini ikisimama nayo inazimika, na hiyo si dalili ya ugonjwa. Honi, indiketa na taa ya nyutro hutegemea betri.

Kama vyote vimekufa pamoja na injini, umeme mkuu umekatika mahali fulani kati ya betri na swichi ya ufunguo: kichwa cha betri kimelegea, fyuzi, swichi yenyewe, au waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Kama honi inalia na indiketa inawaka kama kawaida, umeme wa betri upo, na unachotafuta kiko kwenye njia ya moto wa plagi peke yake.

Kisha andika, hata kwenye simu, ilizima ukiwa unafanya nini. Ulikuwa unakata kona? Umeingia shimoni? Umekanyaga breki? Mvua ilikuwa inanyesha? Umeshaendesha dakika ngapi? Zikifika mara tatu au nne utaanza kuona kitu kimoja kinajirudia, na kwa uzoefu wangu hapo nusu ya kazi imekwisha.

Vitu vya kuwa navyo

Mita ya umeme ya kidijitali ya bei ya chini kabisa inatosha. Bei yake haifikii ya tairi moja. Balbu ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili ndiyo testa yako. Ongeza plagi nzima ya akiba, spana ya plagi, bisibisi, msasa laini, mswaki wa zamani na tepu ya umeme. Nyaya nne tano fupi za akiba hazidhuru.

Moto wa plagi, ukiupima wakati umekufa

Kupima moto pikipiki ikiwa imewaka vizuri ni kupoteza muda. Lazima upime papo hapo ilipozima, ndiyo maana plagi ya akiba ikae mfukoni au chini ya siti.

Plagi iliyo kwenye injini iache humo humo. Ukiitoa, mvuke wa petroli unatoka tunduni, na cheche iko sentimita chache tu; nimeona mtu akiunguza nyusi. Vua kepu, ile kofia ya plagi iliyo mwisho wa waya mnene, ichomeke kwenye plagi ya akiba, kisha mwili wa chuma wa plagi hiyo uulaze ubane kwenye mapezi ya injini mahali pasipo na rangi. Shika kwa kitambaa kikavu, maana koili inatoa maelfu ya volti. Piga kiki. Cheche ya buluu inayolia "tap, tap" ni nzima. Ya rangi ya chungwa, nyembamba, inayorukaruka, ni dhaifu. Usipige kiki plagi ikiwa inaning'inia hewani bila kugusa chuma: umeme ukikosa pa kwenda utatafuta njia ndani ya koili au CDI, na utakuwa umetengeneza ugonjwa wa pili.

Moto ukiwa mkali na injini imekufa, rudi kwenye mafuta na vali. Usipokuwepo au ukiwa dhaifu, anza na kilicho karibu zaidi. Kepu nyingi za plagi zimefungwa kwa uzi wa skrubu. Izungushe kinyume cha saa itoke kwenye waya mnene. Ipime kwa mita upande hadi upande: za kawaida zina upinzani wa omu 5,000 hivi. Mita isiposoma kitu, kepu imekufa. Ncha ya waya mnene ikiwa imeota ukoga wa kijani, kata nusu sentimita upate shaba safi, rudisha kepu uibane. Pima tena moto. Usicheke: nimeona pikipiki mbili zilizobadilishwa CDI kwa sababu ya kepu.

Mwanya wa plagi kwenye injini hizi za CDI ni milimita 0.6 hadi 0.7. Huna kipimo? Mgongo wa jani la kawaida la msumeno wa chuma una unene wa kama 0.65.

Jua pikipiki yako ni ya ukoo gani

CDI ziko za koo mbili, na usipojua yako utahangaika bure. Moja inalishwa na koili maalumu iliyo ndani ya magneti. Haitegemei betri, hata betri ikifa ukipiga kiki inawaka. Tuiite ya magneti. Nyingine inakula volti 12 za betri kupitia swichi ya ufunguo. Tuiite ya betri.

Kuzitofautisha ni rahisi. Chomoa soketi ya CDI, washa ufunguo, swichi nyekundu ya kuzimia ikiwa kwenye kuwaka. Weka mita kwenye volti za moja kwa moja, skeli ya 20. Ncha nyeusi iweke kwenye hasi ya betri, nyekundu ipitishe kwenye kila tundu la soketi. Ukikuta tundu moja lina volti 12, una CDI ya betri. Usipokuta hata moja, ni ya magneti.

Tofauti hii inageuza kila kitu. Ya betri huzimwa kwa kukatwa umeme. Ya magneti huzimwa kwa namna ya kinyume: ukizungusha ufunguo kuzima, swichi inaunganisha waya mmoja na bodi, na umeme wa CDI unamwagika huko badala ya kwenda kwenye plagi. Kwenye pikipiki zilizofuata rangi za Honda, zikiwemo nyingi za Kichina, waya huo ni mweusi wenye mstari mweupe. Ukichubuka popote na kugusa chuma, pikipiki inazima. Waya haujakatika, fyuzi nzima, betri nzima, honi inalia.

Huo ndio uliokuwa ugonjwa wangu. Nyuma ya taa ya mbele, pale usukani unapogeuka, fungu la nyaya lilikuwa limesuguliwa na shingo ya bodi mpaka ganda la ule mweusi wenye mstari mweupe likaisha. Ukikata kulia unavutwa, unagusa chuma, kimya. Fundi alichana tepu, akanionyesha shaba ikimeta kwa sababu ya kusuguliwa. Nilitaka ardhi ipasuke.

Kwa ya magneti, basi, kuna jaribio tamu. Tafuta waya huo karibu na CDI, uchomoe kwenye kiungio chake, endesha uwanjani. Isipozima tena, kosa liko kwenye swichi ya ufunguo, swichi nyekundu, au njiani kati yake na CDI. Kumbuka lakini kwamba ukishauchomoa, ufunguo hauizimi tena injini. Ili kuizima, weka gia ya juu, bana breki zote mbili, achia klachi taratibu. Jaribu hilo kwanza ukiwa umesimama kabla ya kutoka uani, na usiende nayo barabarani hivyo.

Angalizo la rangi: pikipiki za Kihindi zina mpangilio wake wa rangi. Na ya mkononi huenda ilishapita kwa mafundi watano, kila mmoja kaunga waya wa rangi aliyokuwa nayo siku hiyo. Amini mita kuliko rangi.

Kutikisa

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, haihitaji pesa. Washa injini, iache polepole, pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati. Anza juu kwenda chini, kitu kimoja kimoja, ukisubiri kidogo kati ya kimoja na kingine.

Zungusha usukani wote kushoto, wote kulia. Tikisa ufunguo ukiwa ndani ya swichi, bila kuuzungusha. Kama una mzigo wa funguo za nyumba umeutundika hapo, ushike uuvute chini kidogo, maana uzito huo hula swichi ukitikiswa na matuta. Gusa swichi nyekundu. Ingiza mkono nyuma ya taa ya mbele ubonyeze soketi zote zilizosongamana mle. Fuata fungu la nyaya chini ya tangi, ambapo hubanwa na bolti za tangi au huungua kwa joto la injini. Inua siti: CDI, rektifaya (inayodhibiti chaji ya betri), fyuzi. Kisha soketi ya nyaya zinazopanda kutoka kwenye magneti, kushoto mwa injini. Kama pikipiki yako ina swichi kwenye stendi ya pembeni, itikise nayo. Ikijaa tope hudhani stendi imeshuka, ikazima injini katikati ya mteremko.

Injini ikisita, simama hapo hapo. Rudia mara tatu kabla ya kuamini.

Kwetu huku kuna sababu ya kushuku viungio kuliko vifaa. Hewa ya bahari ina chumvi, pikipiki inalala nje Sahare au Raskazone, na wengine tunabeba samaki kutoka Deep Sea, maji ya chumvi yanachuruzika chini ya siti juu ya soketi usiku na mchana. Shaba inaota ukoga wa kijani ndani ya plastiki usiouona mpaka uchomoe. Wanaopanda Amani kutoka Muheza wao wana la kwao, njia inatikisa mpaka vyuma vya soketi vinalegea. CDI yenyewe haina kinachosogea ndani yake. Ndiyo maana naiweka mwisho.

Hasi ya bodi, adui asiyeonekana

Waya wa hasi ukiwa umefungwa juu ya rangi au kutu, umeme hautoshi kurudi, na dalili zake hufanana na za uchawi: ukipiga honi taa ya nyutro inafifia, ukiwasha indiketa injini inamisi.

Jicho haliwezi kuuona, mita inauona. Skeli ya volti 20. Ncha nyeusi kwenye hasi ya betri yenyewe, nyekundu kwenye bolti safi ya injini. Washa ufunguo, bonyeza honi na breki pamoja, au staata kama ipo. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.3, njia ya kurudi ni mbovu. Rudia ncha nyekundu ikiwa kwenye bodi. Ukishaupata waya, fungua bolti yake, piga msasa mpaka chuma king'ae pande zote, rudisha, paka mafuta ya mgando juu yake. Kupaka kuwe baada ya kubana.

Kwa CDI ya betri fanya vivyo hivyo upande wa chanya. Ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye waya unaoilisha CDI, soketi ikiwa imechomekwa na ufunguo umewashwa. Zaidi ya volti 0.5 zikipotea hapo, zinaliwa na swichi ya ufunguo, kishikio cha fyuzi au swichi nyekundu. Hamisha ncha hatua kwa hatua kuelekea betri. Pale namba inaposhuka ghafla, umeshampita mwizi.

Betri na chaji

Pikipiki ya CDI ya betri inayozima usiku, ukiwa umewasha taa, umekanyaga breki na indiketa inapepesa, inakwambia ina njaa. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hadi 12.8. Chini ya 12 imeisha. Washa injini, zidisha moto wa wastani: isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, chaji haiingii, na siku zote ulizokuwa ukibadilisha betri ulikuwa unajaza ndoo iliyotoboka. Ikipita 15, rektifaya haidhibiti tena. Itachemsha betri, itakata balbu, na CDI inaweza kufuata.

Kabla ya kulaumu rektifaya, chomoa soketi ya nyaya zinazotoka kwenye magneti. Plastiki iliyogeuka kahawia na kuyeyuka ni mahali palipolegea pakapata moto. Kata soketi hiyo, weka nyingine.

Vichwa vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani vioshe kwa maji ya moto yenye magadi na mswaki wa zamani. Magadi huua asidi, utaona povu. Maji hayo yasiingie kwenye tundu za betri wala machoni. Na fyuzi iliyokatika isibadilishwe kwa karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Najua inafanya kazi. Ndiyo ubaya wake: shoti iliyotaka kukata fyuzi itaunguza fungu zima la nyaya chini ya tangi la petroli. Soma ampea zilizoandikwa kwenye fyuzi, nunua hizo hizo.

Inazima ikipata joto tu

Ukishahakikisha si mfuniko wa tangi wala vali, na kila mara ni baada ya dakika ishirini hivi, ikipoa inawaka, shuku koili: pulsa iliyo pembeni mwa magneti, inayoiambia CDI lini itoe moto, koili inayoilisha CDI, au koili ya plagi. Ndani yake kuna waya mwembamba kama unywele. Ukiwa na ufa, baridi unagusana, joto likiutanua unaachana.

Pima omu kwenye soketi ya CDI ikiwa baridi asubuhi, andika. Pulsa za injini hizi mara nyingi huwa kati ya omu 100 na 250. Koili ya kulisha CDI huwa mamia kadhaa. Kisha endesha mpaka izime, chomoa soketi, pima papo hapo. Namba kupanda kidogo si ugonjwa. Upinzani wa shaba huongezeka kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi joto moja, kwa hiyo pulsa ya omu 200 asubuhi ikisoma 240 injini ikiwa imechemka ni sawa kabisa. Wasiwasi uje namba inaporuka hadi maelfu, au mita isiposoma kitu, ikaonyesha ile 1 ya upande wa kushoto au herufi OL. Hapo umeipata.

Koili ya plagi si rahisi kuikamata kwa omu, maana hupasuka pale volti zinapokuwa juu. Niliwahi kuazima kikaushia nywele cha saluni ya jirani, nikaipasha koili ikiwa mezani huku rafiki anapiga kiki ya pikipiki yake tuliyoiunganishia. Mama wa saluni alitushangaa, lakini cheche ilikufa mbele ya macho yetu. Usimwagie injini ya moto maji baridi kwa nia ya kujaribu. Silinda ikipasuka utakumbuka koili kwa hamu.

Inazima mvua ikinyesha au baada ya kuoshwa

Masika yanaleta hizi kwa wingi. Subiri giza, washa injini, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia juu ya kepu, waya mnene na koili. Ukiona vicheche vya buluu vinatambaa nje ya waya kuelekea kwenye bodi, umeona njia umeme unapotorokea. Badilisha kinachovuja. Tepu hapo haisaidii zaidi ya wiki. Kama hakuna kinachotambaa, rudi kwenye soketi na swichi nyekundu. Maji ya mashine ya kuoshea huingia ndani ya swichi na kukaa humo siku nzima.

CDI, mwisho kabisa

Mita ya kawaida haiwezi kuihukumu CDI. Njia ya uhakika ni kuazima kutoka pikipiki nzima ya modeli ile ile na ukoo ule ule. Soketi kufanana hakutoshi: ya magneti na ya betri zinaweza kuingia soketi moja, na ukikosea utaunguza ya mwenzio. Ikiwa imepona kwa CDI ya kuazimwa, rudisha ya zamani uone kama ugonjwa unarudi nao. Mara nyingine kilichoponya ni kule kuchomoa na kuchomeka soketi iliyokuwa na ukoga. Mimi nililipia somo hilo.

Kuunga waya ili usirudi hapa

Kusokota shaba na kuzungushia tepu kwetu kunadumu mpaka vuli ijayo. Kata sehemu yote iliyokuwa ya kijani mpaka shaba nyekundu, vuta kipande cha waya wa unene ule ule, lehemu, funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto, na uvute mpira huo upite mwanzo na mwisho wa ganda. Karibu na shingo ya usukani acha nyaya ziwe na ulegevu, zifunge mahali ambapo hazisuguliwi, kisha geuza usukani pande zote mbili ukizitazama.

Na kwa anayekwenda kununua ya mkononi kesho: mwambie muuzaji akusubiri nusu saa. Ukifika, gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto tayari, ameshaiwasha kabla yako, ngoja ipoe. Iwashe ikiwa baridi, iache ichemke, zungusha usukani kulia na kushoto, tikisa ufunguo, bana breki na indiketa pamoja, inua siti uone tepu ngapi zimezungushwa na fyuzi imefungwa kwa kitu gani. Akianza kuangalia saa na kusema anakimbilia basi Kange, mwache aende nayo.